Meli ya kitalii na Disney kwa gari, safari moja: tuanze na kipi?

#1 · BabaWatoto_ATL
Wakuu salaam. Tunapanga safari ya familia kwenda Florida kwa gari yetu wenyewe, tunatokea Atlanta. Tupo sita: mimi na mama watoto, watoto watatu (miaka 14, 9 na 4), na mama mkwe ambaye yupo huku kwa matembezi na magoti yanamsumbua. Meli ni ya usiku tatu kutoka Port Canaveral kwenda Bahamas, inaondoka Ijumaa na kurudi Jumatatu. Kabla au baada ya hapo tunataka siku kadhaa kwenye bustani za burudani za Disney pale Orlando.

Mama watoto anasema bustani kwanza, meli baadaye ili watu wapumzike. Mimi naona kinyume: meli kwanza tupumue, halafu ndiyo tuingie kwenye kutembea juani. Tiketi za bustani hatujanunua. Mliowahi kuunganisha vyote viwili, mlipangaje? Na gari mliliacha wapi mkiwa majini?

#2 · KasiYaMawimbi
Bustani kwanza kaka. Meli haimsubiri mtu. Watu wanasoma kwamba meli inaondoka saa kumi jioni, wanadhani wakifika saa tisa na nusu wamewahi. Orodha ya mwisho ya abiria inatakiwa ifike kwa watu wa forodha na mipaka wa Marekani dakika 60 kabla ya meli kuondoka, kwa hiyo milango hufungwa mapema kuliko mnavyofikiria. Ukilala Orlando usiku wa kuamkia safari, umebakiza maili kama 70 za barabara. Ukitokea Atlanta siku hiyohiyo ni saa saba zikienda vizuri, na barabara kuu ya I-75 haiendi vizuri kila siku.

#3 · Mama Nasra
Naomba nitofautiane na #2. Kuwahi bandarini hakuhitaji bustani. Fikeni jioni moja kabla, laleni Cape Canaveral au Cocoa Beach, asubuhi mnapanda meli mkiwa wazima.

Sisi tulianza na bustani. Watoto wanaamka alfajiri kuwahi geti, wanarudi hotelini baada ya fataki. Tulipopanda meli, mdogo alilala kwenye kiti cha mgahawa kabla sahani hazijaja, kichwa kikiwa juu ya kitambaa cha meza, na dada yake akagoma kutoka chumbani. Siku ya kwanza ya meli, iliyolipiwa sawa na nyingine, ikaishia kitandani. Usiku tatu siyo nyingi. Ukipoteza mmoja umebaki na miwili.

#4 · KasiYaMawimbi
Mama Nasra, sasa meli si ndiyo mahali pa kulala? Chakula kipo, kitanda kinatandikwa, hakuna foleni. Acha watoto walale.

#5 · Mama Nasra
Walale nyumbani bure, mdogo wangu.

#6 · DerevaWaMasafa
Naendesha lori huko miaka yote, kwa hiyo nizungumzie barabara tu, hayo mengine mtamalizana.

BabaWatoto, shuka na I-75 hadi Wildwood, pale ushike Turnpike ya Florida, barabara ya kulipia, ikupeleke Orlando. Peach Pass yako, kile kifaa cha Georgia cha kulipia ushuru wa barabara, inasomwa na Florida pia, huna haja ya kununua SunPass, ya kwao. Toka Atlanta kabla ya saa kumi na moja alfajiri. Ukichelewa, McDonough itakushika na siku yako inaanza vibaya.

Cha kuogopa zaidi ni barabara kuu ya I-4. Inakatiza Orlando na kupita karibu kabisa na Disney, na jioni husimama. Kutoka Disney kwenda bandarini usiikaribie. Chukua barabara ya 417 hadi ikutane na ya 528, kisha mashariki moja kwa moja mpaka uone maji. Utalipa ushuru, ila utafika na roho imetulia.

#7 · Nahodha wa Nchi Kavu
Nyongeza kwa #6, maana hapa ndipo watu hubabaika. 528 inakufikisha Port Canaveral, lakini bandari ina pande mbili. Vituo vya abiria namba 1 na 3 viko kusini. Namba 5, 6, 8 na 10 viko kaskazini, na kwenda huko unapita barabara ya 401 yenye daraja linaloinuka kupisha boti. Ukijikuta upande usio wako saa saba mchana, magari ni mengi na kugeuza si kazi ndogo. Angalia namba ya kituo kwenye karatasi zako za safari kabla hujawasha gari. Ramani ya simu ukiiandikia jina la bandari tu itakupeleka inakotaka yenyewe.

#8 · MjuziWaYote
Disney ya Florida ndiyo ya kwanza duniani, ya 1955. Ni ya kizamani na si kubwa, siku moja inatosha kabisa. Mimi ningeongeza siku za meli.

#9 · Bi Shani wa Tampa
Hapana, mkuu #8. Ya 1955 ni Disneyland ya Anaheim, California. Ya Florida ilifunguliwa Oktoba 1, 1971, na si bustani moja, ni nne: Magic Kingdom, EPCOT ya 1982, Hollywood Studios ya 1989 na Animal Kingdom ya 1998. Eneo lote ni kama kilomita za mraba 100. Siku moja inatosha bustani moja, tena kwa miguu ya kijana.

Na Magic Kingdom ina jambo lake. Ukishaegesha gari bado hujafika. Kutoka maegesho unapanda treni ya reli moja au feri kuvuka ziwa ndipo ulifikie geti. Kwa mtoto wa miaka 4 na bibi wa magoti, hesabuni muda wa kutosha kati ya kufunga milango ya gari na kuingia.

#10 · MjuziWaYote
Asante kwa sahihisho, Bi Shani. Ila watu wa California nao wanaweza hii kitu, au siyo?

#11 · Salma_LBC
Wanaweza, na umbali ni mfupi kuliko wenu. Kituo cha meli cha Long Beach kipo kando ya Queen Mary, ile meli kongwe iliyotia nanga hapo tangu 1967. Kutoka Disneyland ni maili kama 20. Unatoka bustanini usiku, asubuhi upo melini. Kasoro yake ni kwamba safari fupi za huku karibu zote zinakwenda Ensenada, Mexico, hata kama familia ingependa kuzunguka pwani ya California tu.

#12 · BabaWatoto_ATL
Hapo #11 umegusa kitu nilichokuwa nakiwaza. Kwa nini na huku kila meli ni Bahamas, Bahamas? Florida ina ufukwe mrefu, kwa nini isitupeleke Key West ikaturudisha?

#13 · Wakili Msomi
Sheria. Kuna sheria ya Marekani ya mwaka 1886 kuhusu meli za abiria: meli isiyoundwa Marekani na kupeperusha bendera ya Marekani haitakiwi kusafirisha abiria kati ya bandari za Marekani pekee. Karibu meli zote kubwa za kitalii zimesajiliwa nje, Bahamas, Panama na kwingineko. Kwa hiyo lazima ziguse nchi nyingine kabla ya kuwarudisha. Key West inaweza kuwemo, lakini si peke yake.

Ushahidi ni 2021. Kanada ilikuwa imefunga bandari zake kwa sababu ya korona, na meli za Alaska zikakosa pa kugusa. Ilibidi Bunge la Marekani lipitishe sheria ya muda kuziruhusu.

#14 · KasiYaMawimbi
Sheria ipo, sikatai, ila mimi nasema ni biashara. Makampuni yana visiwa vyao hukohuko Bahamas. Disney wana Castaway Cay na Lookout Cay, Royal Caribbean wana CocoCay, Carnival wamefungua Celebration Key 2025. Ukishuka hapo kila dola unayotumia inarudi mfukoni mwao. Hata sheria ifutwe kesho, mtaendelea kupelekwa hukohuko.

#15 · Bi Shani wa Tampa
Na kasino je? Hufungwa meli ikiwa bandarini, hufunguliwa ikishatoka mbali na nchi. Maduka yasiyo na kodi vilevile. Meli inayoambaa na pwani ingekosa mapato hayo.

#16 · DerevaWaMasafa
Mimi naona ni umbali tu. Jioni unaondoka Canaveral, asubuhi upo Bahamas, watu wamelala hawajaona njia. Kwa safari ya usiku tatu ungewapeleka wapi kwingine?

#17 · Wakili Msomi
Nahodha huchagua kwa umbali, kampuni huchagua kwa faida, lakini ruhusa inatoka kwenye sheria. Mniambie basi kwa nini hakuna hata kampuni moja kubwa inayouza Canaveral–Key West–Canaveral.

#18 · KasiYaMawimbi
Kwa sababu hakuna kisiwa chao Key West!

#19 · Mwanafunzi wa Tiketi
Turudi kwa mwenye uzi. Mbona hakuna aliyesema afanye vyote viwili, bustani kabla NA baada? Tiketi ya Disney ya siku nne si lazima itumike siku nne mfululizo. BabaWatoto, meli yako inaondoka Ijumaa. Ingieni bustanini Jumatano na Alhamisi, Ijumaa mnapanda meli, Jumatatu mnarudi, Jumanne mnamalizia. Jumatatu yenyewe mkiwa na nguvu mnaingia pia.

#20 · Mama Nasra
Hilo zuri. Na tiketi zinadumu siku 14 tangu matumizi ya kwanza, kwa hiyo hata meli ya wiki nzima inaingia katikati.

#21 · Mwanafunzi wa Tiketi
Dada yangu, siku 14 ulikuwa utaratibu wa zamani, uliondoka 2018 walipoanza bei zinazotegemea tarehe. Sasa ya siku nne ina dirisha la siku 7, ya siku tatu ina siku 5. Kwa meli ya Ijumaa hadi Jumatatu inatosha kabisa: Jumatano ni siku ya kwanza, Jumanne inayofuata ni ya saba. Kwa meli ya wiki haiwezekani.

Ila mkianza na Jumatano hiyo, mwenye gari atoke Atlanta Jumanne. Asije akaendesha saa saba kisha akatarajia kuingia bustanini mchana akiwa na uso wa furaha.

#22 · Mama Nasra
Asante, nimepokea. Lakini huoni kwamba sasa wamefungua na kufunga mabegi mara tatu? Hoteli, meli, hoteli. Na mama mkwe yumo.

#23 · Mwanafunzi wa Tiketi
Mabegi mawili ya meli yafungwe nyumbani na yasiguswe mpaka bandarini. Ya bustani yabaki garini mkiwa majini.

#24 · Halima wa Viza
Samahani kwa kukatiza, lakini kuna jambo hapa ni kubwa kuliko tiketi, na hakuna aliyeuliza. Mama mkwe "yupo kwa matembezi". Ana viza gani, na ni ya kuingia mara ngapi?

Watoto kama ni raia wa Marekani, kwa meli inayoondoka na kurudi bandari ileile ya Marekani, walio chini ya miaka 16 wanaweza kusafiri na cheti cha kuzaliwa. Raia mtu mzima, cheti cha kuzaliwa pamoja na kitambulisho cha serikali chenye picha. Mwenye kadi ya kijani abebe kadi na pasipoti yake. Lakini mgeni wa viza ya matembezi akipanda meli ya Bahamas ametoka Marekani. Kurudi anahitaji viza iliyo hai na inayomruhusu kuingia tena. Kama ilikuwa ya kuingia mara moja, ameshaitumia.

#25 · MjuziWaYote
Mbona ipo ruhusa ya siku 30? Ukitoka muda mfupi jirani unarudi hata viza ikiwa imeisha.

#26 · Halima wa Viza
Ipo, lakini isomwe yote. Hiyo inahusu Kanada na Mexico. Visiwa vya jirani, Bahamas ikiwemo, vinahesabika kwa wanafunzi wa viza ya F na watu wa viza ya J, ya mipango ya kubadilishana, peke yao, na kwa masharti. Mgeni wa viza ya matembezi hayumo. Nalisema kwa msisitizo kwa sababu nimewaona watu wazima wakilia kwenye kaunta ya bandari, mabegi yameshachukuliwa, wajukuu wameshavaa kofia za safari, na bibi anaambiwa hapandi. Familia ikabidi igawanyike pale pale. Tafadhali kaka, leo hii fungua pasipoti ya mama uangalie. Na mahitaji ya Bahamas kwa uraia wake nayo uyaulize mapema.

#27 · BabaWatoto_ATL
Dada Halima, Mungu akubariki. Nimeifungua sasa hivi. Ni ya kuingia mara nyingi na bado ina muda. Hilo la Bahamas kesho naulizia.

#28 · Nahodha wa Nchi Kavu
Hata kwa wenye ruhusa ya cheti cha kuzaliwa, nawashauri pasipoti. Mtu akiugua Nassau kule Bahamas akalazwa na meli ikaondoka, atarudi kwa ndege, na ndege inataka pasipoti. Na ziwe kwenye mkoba wa begani, zisiingie begi linalochukuliwa na wapagazi. Begi hilo mtalikuta chumbani jioni. Nguo za kuogelea nazo ziwe mkononi, watoto wakiona bwawa hawasubiri.

#29 · Rehema_DMV
Mimi ni timu ya bustani kwanza, kwa sababu nyingine kabisa: ugonjwa. Mara zote tulipotoka kwenye meli kwenda bustanini, kuna mtoto aliyetapika siku ya kwanza. Nani anajua kwa nini?

#30 · Muuguzi Kando
Norovirusi, kirusi cha kutapisha na kuharisha, ni ya kufikiriwa kwanza. Dalili hutokea kati ya saa 12 na 48 baada ya kuambukizwa, kwa hiyo anayeipata usiku wa mwisho melini ataonyesha dalili bustanini. Na dawa ya mikono yenye alkoholi haiiwezi vizuri. Sabuni na maji yanayotiririka, kabla ya kula, kila mara, hata kama kuna chupa ya dawa mlangoni mwa mgahawa.

#31 · KasiYaMawimbi
Au ni vile vikombe vinavyozunguka pale Magic Kingdom. Mtoto ametoka kula, anazungushwa, unategemea nini?

#32 · Salma_LBC
Mimi nasema ni nchi kavu yenyewe. Nikishuka melini sakafu inayumba mpaka kesho yake. Bafuni ndiyo balaa, ukifumba macho kuosha uso unatafuta ukuta. Mtoto hawezi kukueleza hilo, anatapika tu.

#33 · DerevaWaMasafa
Joto jamani. Melini alikuwa kwenye kipoza hewa, leo yupo juani Florida mwezi wa saba, jasho na unyevu, na hajanywa maji.

#34 · Rehema_DMV
Mmenipa majibu manne, na kila moja linaingia kwa mtoto wangu. La Muuguzi ndilo linanitisha zaidi, kwa sababu mwenzake aliugua siku ya pili yake.

#35 · Muuguzi Kando
Mwenzake akifuata siku ya pili, basi vikombe vinavyozunguka naviondoa. Joto siliondoi, linaweza kuwapata wote wawili. Mpeni maji kidogo kidogo, na akishindwa kabisa kukaa na maji tumboni mpelekeni kwa daktari, msisubiri fataki.

#36 · Kibo Express
Maegesho hamjamjibu. Yapo majengo ya bandari yenyewe karibu na vituo. Unalipa kwa siku, na siku ya kuingia na ya kutoka zote zinahesabiwa, kwa hiyo Ijumaa hadi Jumatatu ni siku nne. Nje ya bandari kuna viwanja vya watu binafsi vyenye nafuu na basi dogo la kukupeleka. Pia kuna hoteli za Cape Canaveral zinazokuruhusu kuacha gari ukilala kwao.

Mimi na watoto wadogo nalipa bei ya bandari bila kunung'unika. Kile kiwanja cha nafuu tulichotumia, kwenda ilikuwa raha. Kurudi, tulisimama kando ya barabara na mabegi na kigari cha mtoto, basi dogo likija linajaa kabla halijatufikia. Mnaotaka kuingia bustanini siku ya kushuka, saa hizo ndizo mtakazozilia.

#37 · Bi Shani wa Tampa
Siku ya kushuka msiitegemee kwa bustani kubwa hata kidogo. Mnaamshwa mapema, chumba kinatakiwa, kuna foleni ya uhamiaji, halafu zaidi ya saa moja barabarani. Tiketi ya Disney ni ghali mno kuitumia nusu siku. Nendeni Kennedy Space Center, kituo cha safari za anga, kutoka bandarini ni mwendo mfupi. Chombo chenyewe cha anga cha Atlantis kimo ndani, kile kilichoruka mara ya mwisho Julai 2011, kimeinamishwa ubavu, milango ya tumbo iko wazi, na vigae vya chini vina alama za moto wa kurudi angani. Huyo wa miaka 14 aliyechoshwa na wahusika wa katuni atasimama hapo kimya.

#38 · Nahodha wa Nchi Kavu
Na mkibahatika mtaona roketi ikirushwa mkiwa juu ya meli. Ingawa meli nazo huwasumbua: Januari 2022 meli kubwa ya kitalii iliingia eneo lililozuiwa baharini, na urushaji wa roketi ya Falcon 9 ukaahirishwa dakika za mwisho.

#39 · DerevaWaMasafa
Kumbe hata baharini kuna watu wanapita kwenye taa nyekundu.

#40 · Wakili Msomi
Kwa suala la kwanza, mimi nipo na mwenye uzi, meli kwanza, ila isiwe msimu wa vimbunga, Juni 1 hadi Novemba 30. Msimu huo nabadili kura. Upepo mkali ukitarajiwa, walinzi wa pwani hutangaza hali ya Zulu na bandari hufungwa. Meli inabaki baharini mpaka ifunguliwe. Kama tiketi za bustani zimepangwa baada ya meli, siku zake zinaweza kukupita. Zikiwa kabla, umeshazitumia.

#41 · KasiYaMawimbi
Kwa hiyo wewe umepiga kura mbili.

#42 · Wakili Msomi
Kura moja yenye sharti. Ndiyo kazi yangu.

#43 · Bi Shani wa Tampa
Mambo mawili ya mama mkwe. Bustanini kuna viti vya magurudumu na vigari vya umeme vya kukodi, ila anayewahi ndiye anayepata, kwa hiyo mfike asubuhi. Melini omba msaada wa kiti tangu wakati wa kuweka nafasi, na uliza kama kisiwa mnachokwenda kina gati. Pasipo na gati mnashushwa kwa boti ndogo, na magoti mabovu hayapendi ngazi inayoyumba.

Na Animal Kingdom msimwache hotelini. Kijiji cha Harambe kina mabango ya Kiswahili, na gari la safari anapanda akiwa amekaa. Atafurahi kuliko hao watoto.

#44 · Mwanafunzi wa Tiketi
Na mpimeni huyo wa miaka 4 mkiwa nyumbani, na viatu alivyozoea. Mchezo wa Space Mountain unataka kimo cha sentimita 112, treni ya Seven Dwarfs inataka 97. Mkifika mtoto akasimamishwa kwenye kijiti cha kupimia na kuambiwa hapana mbele ya dada yake, hapo kilio chake kitawatafuna saa nzima. Mkiwa wazazi wawili ombeni Rider Switch: mmoja anabaki na mdogo, mwingine anapanda na wakubwa, kisha mnabadilishana bila kupanga foleni upya.

#45 · BabaWatoto_ATL
Asanteni sana. Mama watoto amesoma uzi wote na kusema #2 na #40 wanamtosha. Mimi #3 ameniingia moyoni. Mama mkwe ameuliza tu hiyo Harambe ni siku gani. Kwa sasa tunaelekea kwa mpango wa #19, ila hilo la kufungua mabegi mara tatu bado halijapita kikaoni.

Swali la mwisho: kama tutaacha gari hotelini Cape Canaveral na kuchukua teksi kwenda bandarini, huyo wa miaka 4 anahitaji kiti chake?

#46 · Kibo Express
Ndiyo. Sheria ya Florida inataka mtoto wa miaka 5 kushuka chini awe kwenye kiti cha mtoto, na kwa miaka 4 na 5 kiti cha kuinulia kinakubalika. Teksi usiitegemee kuwa nacho. Beba kile cha kuinulia, ni chepesi, kitakaa chini ya kitanda melini.

#47 · Nahodha wa Nchi Kavu
Au usiache gari hotelini. Nenda nalo moja kwa moja kituoni, washushe mama mkwe, watoto na mabegi makubwa mbele ya mlango, wapagazi wapo pale na matoroli. Kisha wewe peke yako ukaegeshe na kurudi kwa miguu. Mama watoto abaki na pasipoti zote isipokuwa yako.

#48 · Mama Nasra
Na funguo za gari baba abaki nazo yeye, kwenye mfuko wenye zipu. Ufukweni Bahamas si pa kuzichezea.